Usiache Maziwa kwa Kuogopa Mawe ya Figo

Mtu akiambiwa kuwa jiwe lililomtesa ubavuni limetokana na kalsiamu, mara nyingi huanza kwa kuacha maziwa. Tafadhali, usifanye hivyo. Unaweza kujiongezea hatari.

Mawe mengi ya figo hutokea kalsiamu inapoungana na oksaleti, kemikali iliyo nyingi kwenye mchicha, spinachi, karanga na chai ya rangi. Ukila mchicha na mtindi katika mlo mmoja, oksaleti na kalsiamu hushikana utumboni na kutoka na choo. Kalsiamu ikikosekana, oksaleti nyingi hupenya kwenye damu hadi kwenye figo, na huko ndiko jiwe huanzia.

Watafiti wa Parma, Italia, waliwafuatilia kwa miaka 5 wanaume 120 waliosumbuliwa na mawe hayo mara kwa mara, wakachapisha matokeo mwaka 2002. Katika kundi la 60 waliopunguza kalsiamu, 23 walipata mawe tena. Katika kundi la 60 walioendelea na kalsiamu ya kawaida huku wakipunguza chumvi na nyama, waliopata mawe walikuwa 12.

Kwa nini chumvi? Figo zikitoa chumvi nyingi, kalsiamu nayo hutoka kwa wingi kwenye mkojo. Shirika la Afya Duniani linashauri tusifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyomo kwenye ng'onda na krispi. Nyama nyingi nayo huongeza asidi ya yuriki, na hupunguza sitreti inayozuia mawe. Sitreti hiyo tunaipata kwenye ndimu na malimau.

Zaidi ya yote, kunywa maji mpaka mkojo uwe wa manjano hafifu siku nzima. Wewe dereva wa bodaboda, mkulima, fundi ujenzi, jasho linakukausha: beba chupa yako. Ila mwenye ugonjwa wa moyo, au ambaye figo zake zimeshindwa kazi, amuulize daktari kwanza kiasi kinachomfaa.

Na ukipata maumivu makali ubavuni pamoja na homa, damu kwenye mkojo, au mkojo ukikataa kutoka, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.