Hewa ya Ukaa, Mafuta na Bonde la Rukwa

Mmeuliza kama hewa ya ukaa inaweza kutoa mafuta bondeni Rukwa. Huko Texas, tangu 1972, huisukuma ardhini katika eneo la SACROC. Hujichanganya na mafuta yaliyong'ang'ania mwambani, yakalainika na kutiririka. Lakini hiyo ni dawa ya visima vilivyokwisha kutoa mafuta. Hapa kwetu Amoco ilichimba Ivuna na Galula mwaka 1987, ikaondoka bila mafuta. Kilichotangazwa 2016 ni heliamu, gesi nyingine kabisa. Basi anayetaka mashamba ya wanakijiji kwa habari za mafuta, mwulizeni kisima kiko wapi. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inamtaka apate kibali cha halmashauri ya kijiji.