Neno la Kuuliza Likae Wapi?

Mtoto akirudi kutoka uwanja wa michezo wa Bukhungu mjini Kakamega, unamuuliza, “Ulienda wapi?” Neno “wapi” limekaa mwisho, na Kiswahili kimeridhika. Ndiyo maana akijaribu Kiingereza husema, “You went where?” Tafadhali asichekwe, anafuata mpangilio wa lugha anayoijua.

Kwa swali kama hili la wakati uliopita, Kiingereza cha shuleni hutanguliza neno la kuuliza, kisha “did”, kisha mtendaji: “Where did you go?” Sikia “went” lilivyorudi kuwa “go”, kwa kuwa “did” limeshabeba wakati uliopita. Hapo ndipo wengi huteleza: “Where did you went?”

Ila “who” likisimama mahali pa mtendaji, “did” halihitajiki: “Who sold the maize?”

Sasa mwulize jirani yako kwa Kiingereza: jana alikula nini?