Kifua Kikuu na Vijana Wetu

Tumezoea kusema TB ni ugonjwa wa wazee, ama wa wenye virusi vya ukimwi. Lakini watu walipopimwa kote nchini mwaka 2015 na 2016, wanaume walipatikana nayo mara mbili kuliko wanawake, hasa wa miaka 25 hadi 34. Na katika kila wagonjwa 10, zaidi ya 8 hawakuwa na virusi.

Hapa Kamere hao ni vijana wetu wa maua na wa uvuvi. Wanalala wengi chumba kimoja cha kupanga, dirisha limefungwa kwa baridi. Mmoja akikohoa, wote wanavuta hewa ile ile. (Kikombe hakina makosa, jameni. Msimtengee mgonjwa kikombe!) Naye haendi kupimwa, anaogopa kupoteza kibarua cha siku. Ananunua dawa ya kikohozi dukani, anangoja.

Basi tumsindikize. Dawa za miezi 6 ni bure katika hospitali za serikali. Nauli na chakula si bure, na kwa hayo tunaomba kila kikundi kitenge kitu kidogo mkutano ujao.