Kwa Nini Mwili Huchakaa

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Katibu aliniomba nieleze kwa nini mwili wa mwanadamu hupungukiwa na nguvu kadiri miaka inavyozidi. Nilikubali kwa furaha, maana neno hili si la vitabuni tu; lahusu daftari letu la wanachama, na hata usalama wa wazazi wetu, kama nitakavyoonyesha mwishoni.

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo seli. Nyingi katika hizo huchakaa, na nyingine huzaliwa mahali pake, kama mwenye nyumba abadilishavyo makuti yaliyooza. Hapo zamani wataalamu walidhani kwamba seli zaweza kugawanyika milele. Mwaka 1961 Leonard Hayflick wa Marekani alionyesha kuwa sivyo: seli za kawaida za mwanadamu zikikuzwa katika chupa hugawanyika mara 50 hivi, kisha hukoma. Baadaye sababu moja ilifahamika. Ndani ya seli mna nyuzi za urithi, na kila ncha ya uzi ina kinga yake, mfano wa fundo lizuialo kamba isifumuke. Kinga hiyo hupungua kila seli igawanyikapo. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kugundua jinsi ncha hizo zinavyolindwa.

Lakini mtu aweza kuuliza: mbona hatukupewa mwili wa kujitengeneza daima? Peter Medawar wa Uingereza, katika hotuba iliyochapishwa mwaka 1952, alieleza kwamba tangu kale viumbe wengi walikufa mapema kwa njaa, maradhi na ajali. Basi kasoro ijitokezayo uzeeni, mtu akiwa amekwisha kuzaa, haikupata kizuizi cha kutosha, ikarithiwa kizazi kwa kizazi. Mwaka 1977 Thomas Kirkwood aliongeza kwamba nguvu za mwili ni akiba yenye kikomo. Tumfikirie baba mwenye fedha chache: atalipa kwanza karo ya watoto, na paa atalitia viraka. Mwili nao hutanguliza uzazi, na matengenezo huyafanya kwa kiasi.

Matokeo yake twayajua. Ifikapo miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hukakamaa, na mtu huusogeza waraka mbali ili ausome. Mishipa ya damu hukakamaa pia, na shinikizo la damu hupanda. Mifupa hudhoofika, hasa ya kina mama baada ya hedhi kukoma. Misuli hupungua. Nywele huwa nyeupe kwa kuwa seli zizitiazo rangi zimepungua.

Hata hivyo si yote ya kukubaliwa kwa kukaa kitako. Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, walitangaza kwamba waliwazoeza wazee wa miaka 90 hivi kunyanyua vyuma kwa majuma 8, na nguvu za miguu yao zikazidi maradufu. Kwa hiyo, mzee aendaye shambani mwake asizuiwe kwa kisingizio cha heshima. Tuwapeleke wapimwe shinikizo la damu, na tuwanunulie miwani.

Sasa nafikia lililonileta. Katika pwani yetu, hasa Kilifi, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na ushahidi unaotajwa mara nyingi ni mvi na macho mekundu. Namkumbuka mama mmoja wa kijijini kwetu aliyenong'onezwa hivyo hata akahama. Macho yake yaliwekundishwa na moshi wa kuni alizopikia watoto wake tangu alipoolewa. Na mvi nimekwisha kuzieleza. Nyuma ya minong'ono lilikuwapo shamba lililotamaniwa.

Basi naomba Halmashauri ifikirie mambo mawili. Kwanza, mwanachama aliyepita miaka 70 asitozwe faini kwa kushindwa kufika kuchimba kaburi. Alichimba alipokuwa na nguvu, na jina lake lisifutwe daftarini. Pili, tukisikia mzee anasingiziwa nyumbani, wajumbe wetu waende upesi, wakae naye, wamwarifu chifu, wala wasingoje barua ya msiba.

Ndugu zangu, wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Udhaifu tuuonao kwao ni uleule unaotungoja sisi tulioketi hapa leo, tukijaliwa kuishi. Tuwatendee kama tutakavyopenda kutendewa.