Simu Kati Yetu na Wasiosikia

Leo maneno yetu ni kwako wewe unayesikia. Mzee wako au jirani yako asiyesikia, redio hii haimfikii. Tutakayoyasema yatamfaa pale tu utakapoyachukua na kuyafanyia kazi.

Twende Makunduchi, Kusini Unguja, asubuhi ya siku ya matibabu. Bibi kaitwa jina mara tatu, hakuinuka. Mjukuu akamgusa bega, wakaingia ndani. Daktari akamgeukia mjukuu: "Bibi anaumwa nini?" Mtoto wa miaka kumi huyo. Yapo mambo ya mwili wake ambayo bibi hatayataja mbele ya mjukuu. Basi atatoka na dawa mkononi, na nusu ya maradhi yake hayakusemwa.

Watu kama bibi huyu ni wengi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 inasema zaidi ya watu milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya kupoteza usikivu. Wapo waliozaliwa hivyo. Wapo walioupoteza kwa surua, homa ya uti wa mgongo, masikio kutoa usaha bila ya kutibiwa, makelele ya muda mrefu, dawa fulani kali, au umri tu.

Sasa, ile simu uliyonayo mfukoni inaweza kusaidia. Mwaka 2019 Google walitoa programu ya Live Transcribe. Mmoja wa walioibuni ni mtafiti Dimitri Kanevsky, ambaye mwenyewe hasikii tangu utotoni, na walishirikiana na Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi kilichopo Marekani. Kazi ya programu hii ni kukusikiliza wewe unayesema na kuandika maneno yako kwenye kioo papo hapo, ili mwenzako ayasome. Kiswahili kimo. Ni ya bure kwa simu za Android, ila hakikisha una bando, maana kwa kawaida inahitaji intaneti.

Namna ya kuitumia ni hii. Chagua Kiswahili, kuza herufi, kisha weka simu pale anapoweza kuisoma, na maikrofoni ielekee mdomo wako. Zima televisheni, sogea mbali na kelele. Sema sentensi moja, ngoja aisome, ndipo useme nyingine. Usizungumze na simu. Mtazame yeye usoni, na uso wako uwe kwenye mwanga. Watu wengi wasiosikia husoma midomo pia. Akitaka kujibu, atasema kwa sauti yake au ataandika.

Kwa sisi wa kusini lipo jambo la kuangaliwa zaidi. Programu hizi zimefunzwa kwa Kiswahili sanifu kuliko lahaja zetu. Ukisema Kikae, lahaja yetu ya Makunduchi, kama tunavyoizungumza barazani, simu itaandika mengine kabisa. Kikae chetu kina heshima yake, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, lilikichapishia kamusi mwaka 2012. Tuendelee kukisema, lakini mbele ya simu tutumie Kiswahili sanifu, polepole, mpaka siku mashine zitakapojifunza na lahaja.

La pili ni usalama. Simu hukosea. Kosa la neno moja katika salamu halina madhara, lakini katika dozi ya dawa linaweza kuua. Kwa hiyo idadi ya vidonge, tarehe ya kurudi hospitali na fedha, viandike kwa mkono, kisha mwombe akurudishie alivyoelewa.

Na asiyejua kusoma je? Kama bado anasikia kidogo, zipo programu za kukuza sauti ya anayezungumza. Unamvalisha hedifoni na kupandisha sauti kidogo kidogo, isije ikamuumiza. Ama kiziwi aliyekua na lugha ya alama, maandishi hayachukui nafasi ya lugha yake. Yeye mpigie simu ya video, azungumze kwa mikono na wenzake au na mkalimani. Na wewe jifunze japo ishara za salamu, maji, maumivu na hospitali. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ, ulioanzishwa mwaka 1985, ni mahali pazuri pa kuanza kuuliza.

Simu lakini haitibu. Anayeanza kupoteza usikivu apelekwe hospitali ya Makunduchi kwanza, apimwe. Huenda ni nta tu iliyoziba, au maradhi yenye dawa. Usimtie mafuta wala kijiti sikioni.

Ndugu yangu, mzigo huu hadi leo tumemwachia asiyesikia. Yeye ndiye anayehangaika kutuelewa, na akishindwa tunamwona mkaidi au tunampita. Haki yake ni kuulizwa mwenyewe: na daktari, na sheha, na mwalimu, na muuza duka, na sisi watoto wake. Basi wiki hii chukua simu yako, kaa naye, umuulize mambo yake mwenyewe, usimuulize mtu wa pembeni. Na kikao kijacho cha shehia, simu moja iwekwe mbele ya msemaji, na asiyesikia apewe kiti cha mbele.