Suti Bila Tai: Je, Ni Utovu wa Adabu?

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano wetu wa Tanga. Imepigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.)



 Bwana Katibu aliponiandikia barua aliniachia hiari ya kuchagua jambo lo lote lihusulo maisha ya mtumishi. Natumaini hamtacheka nikisema kwamba katika mambo yote nimechagua tai. Wala si yule ndege arukaye juu, bali kile kitambaa kifungwacho shingoni. Najua ni jambo dogo. Illa mambo madogo ndiyo yamsumbuayo mtu kila siku, kama changarawe ndani ya kiatu.

Katika tangazo la mkutano huu mmeona maneno yale yale tuliyoyazoea: “Mabwana wavae koti na tai.” Nami nimekuja na koti, lakini shingo yangu ni tupu. Sikusahau. Nimefanya hivyo kwa kusudi, na kwanza namwomba radhi Bwana Mwenyekiti. Kisha naomba nieleze sababu.

Miaka mingi iliyopita niliketi katika baraza dogo la kuwasaili vijana waliotaka kazi ya ukarani. Ofisi yenyewe sitaitaja, maana kosa nitakalolieleza ni langu mwenyewe. Tulikuwa watu watatu, na kila mmoja wetu alipewa karatasi ya kuandika maksi. Mstari mmoja ulisema: “Unadhifu.” Akaingia kijana mmoja aliyetoka bara kwa basi. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi vizuri, na ukosi umefungwa mpaka kifungo cha juu. Koti lake lilimpwaya kidogo mabegani, bila shaka lilikuwa la kaka yake. Viatu viking'aa. Alijibu maswali kwa adabu na kwa akili. Lakini hakuwa na tai. Basi mimi, nikijiona mlinzi wa heshima ya kazi, nikampa maksi kidogo sana katika mstari ule.

Kazi ilipokwisha nilimkuta nje, amekaa juu ya ukuta akingoja. Nikamwuliza kwa nini amekuja mbele ya wakubwa bila tai. Akasimama, akaniamkia, akasema, “Mzee, fedha niliyokuwa nayo ilitosha tai au nauli ya kurudi kwetu. Nikaona ni afadhali nauli.” Sikuwa na la kumjibu. Tulipojumlisha maksi, aliikosa nafasi kwa maksi mbili, na zile mbili zilikuwa zangu. Aliyepata kazi hakuwa mtu mbaya, wala sisemi kwamba yule wa kwanza angalimshinda. Nasema tu kwamba sitajua kamwe, kwa kuwa nilipima kitambaa nikidhani napima mtu.

Tangu siku ile nimejiuliza: kitambaa hiki ni nini hata kiweze kumnyima mtu riziki? Asili yake yajulikana. Katika karne ya 17 askari wa Kikroatia waliotumika Ufaransa walikuwa wakifunga vitambaa shingoni. Wafaransa wakavipenda, wakaviita “cravate” kwa jina la Wakroatia wale. Toka Ufaransa desturi ikaenea Ulaya, ikabadilika umbo mara nyingi, mpaka ikawa tai tuijuayo sisi. Kwa hiyo tai ilianza kuwa nguo ya askari mgeni, ikawa pambo la mabwana wakubwa, ndipo ikawa alama ya karani. Haikushuka kutoka mbinguni pamoja na sheria za adabu.

Tena yatazameni mavazi, mfikiri kila kitu kina kazi gani. Kifungo chafunga, mkanda washika suruali, kiatu chakinga mguu. Tai haishiki kitu wala haifungi kitu. Kazi yake ni kusema tu, yasema, “Mtu huyu amejitayarisha.” Wala maneno hayo si bure. Mwaka 1922, papa hapa Tanga, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika. Zama zile karani Mwafrika alipokea mshahara mdogo kuliko mgeni, na wengi walimdhania kuwa mdogo katika mambo yote. Mtu wa namna hiyo alipovaa suti na tai alikuwa akisema bila kufungua kinywa, “Mimi nami ni mtu wa ofisi, nihesabuni.” Hatuna haki ya kuwacheka wazee wetu kwa tai zao. Zilikuwa hoja, nasi twaishi katika matunda ya hoja ile.

Walakini hoja iliyokwisha kushinda haina haja ya kurudiwa kila asubuhi, hasa katika joto la kaskazi. Suti ya sufu na ukosi uliobanwa kwa tai ni mavazi ya nchi ya baridi. Huko ni faida kuzuia joto la mwili lisitoke shingoni. Huku kwetu ni adhabu. Nasi watu wa pwani tulikwisha kupata dawa zamani. Nendeni katika harusi yo yote mkamtazame mzee aliyevaa kanzu, na juu yake koti la suti, na kofia ya viua kichwani. Koti lile ni lile lile la suti. Tai haipo. Je, nani amewahi kumwambia mzee yule kwamba amekuja bila adabu? Basi koti bila tai si mtindo wa vijana wa leo. Tulilala nalo na kuamka nalo, illa hatukulitambua kwa sababu lilivaliwa juu ya kanzu na si juu ya suruali.

Na mataifa mengine je? Mwaka 2005 Serikali ya Japani iliwataka watumishi wake wakati wa joto waache tai na makoti, na viyoyozi vya ofisi viwekwe kwenye nyuzi 28, ili kupunguza matumizi ya umeme. Mwaka 2009 Serikali ya Bangladesh iliwaambia watumishi wake wanaume waache suti na tai katika miezi ya joto kwa sababu kama hiyo. Mwaka 2007 Wizara ya Afya ya Uingereza ilitoa mwongozo kwamba waganga wasivae tai wanapowahudumia wagonjwa, maana tai haifuliwi mara kwa mara, nayo hugusa huku na huku. Katika Bunge la Uingereza, Spika John Bercow alisema mwaka 2017 kwamba si lazima mbunge mwanamume awe na tai ndipo aruhusiwe kusema. Lakini mwaka 2021 maelekezo ya Spika aliyemfuata yakawahimiza waivae. Mwaka huo huo wa 2021, Rawiri Waititi, mbunge Mmaori wa New Zealand, alitolewa bungeni kwa kuvaa pambo la kwao shingoni mahali pa tai, na punde tu baadaye sharti la tai likafutwa. Mwaona basi, hata wenye tai yao hawajapatana.

Karibu na kwetu kuna mifano miwili ya kutuonya. Katika nchi ya Zaire, ambayo sasa ni Kongo, Mobutu alipiga marufuku suti na tai katika miaka ya 1970, akawaamuru watu wavae abakosti, koti lisilo na tai, ambalo jina lake latokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya “suti na ianguke”. Marufuku ile ilikoma mwaka 1990, na tai zikarudi shingoni mwa watu kama ndege waliofunguliwa tunduni. Nako Kenya, Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alikataza suti za Kaunda bungeni, akataja koti, ukosi na tai kuwa mavazi yafaayo mwanamume. Mmoja aliikataza tai, mwingine aliidai. Mimi naona kwamba yote mawili yalipita kipimo, maana shingo ya mtu mzima mwenye akili si mahali pa amri.

Najua wako watakaosema, “Tukiacha tai leo, kesho tutaacha viatu, na kesho kutwa tutakuja ofisini na fulana.” Hofu hiyo naiheshimu, kwa kuwa wengine wameifanya ya kweli. Nimewaona wenzetu waliovua tai, na pamoja na tai wakavua pasi, na dobi, na wembe. Ukosi umelala kama sikio la mbwa mgonjwa, vifungo vitatu vi wazi, na fulana yachungulia. Huko si kuacha tai; huko ni kujiacha mwenyewe.

Lililo kuu katika maneno yangu ni hili: mwenye kuacha tai hakujipunguzia kazi, amejiongezea. Tai hufunika mengi. Huficha kifungo kilichokatika na doa la mchuzi, na hushika ukosi mbovu usianguke. Ukiiondoa, shati lako limesimama mbele ya watu bila wakili. Kwa hiyo atakaye kuvaa suti bila tai na ashike mambo haya.

Kwanza, ukosi uwe mgumu, wenye kusimama. Mwambie fundi cherehani aweke kitambaa kigumu ndani yake, au aushone ukosi mfupi wa kusimama usiohitaji tai kabisa. Pili, fungua kifungo kimoja tu cha juu. Cha pili ni cha nyumbani. Tatu, fulana ya ndani isionekane. Nne, koti likukae mabegani, nalo liwe la kitani, au pamba, au sufu nyepesi. Suti nyeusi yenye kung'aa ikikosa tai huonekana kana kwamba mwenyewe amepotewa na kitu njiani. Tano, pasi, viatu na kucha visisahauliwe, maana jicho lisilokuwa na tai ya kutazama litatazama hivyo.

Na sita, weka tai moja katika droo ya meza yako. Sisemi itupwe. Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho. Ukialikwa na barua ya mwaliko yataja tai, ivae. Huko ni kumheshimu mwenyeji. Ukiitwa mahali ambapo kanuni zao zaitaka, ivae, kisha udai kanuni ibadilishwe kwa njia iliyo halali. Wala asiyevaa asimcheke avaaye. Wako wazee kati yetu waliofunga tai kila siku ya kazi kwa miaka thelathini, na kwao ni kama kunawa uso. Waacheni na tai zao, zawapendeza.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, nisije nikawa kama mkakasi, uzuri wa nje na ndani kipande cha mti, naomba maneno yangu yazae kazi. Natoa mashauri matatu mbele ya mkutano.

La kwanza, maneno “na tai” yafutwe katika matangazo ya mikutano yetu, na mahali pake paandikwe “mavazi nadhifu”. La pili, kila mwanachama atakayeketi kuwasaili watu wa kazi aahidi kwamba katika mstari wa unadhifu atapima usafi wa mtu na utaratibu wake, wala hatapima kitambaa ambacho mtu amekikosa kwa ajili ya nauli. La tatu, wenye tai nyingi, nami nikiwa mmoja wao, walete moja moja kwa Bwana Katibu, zihifadhiwe katika kabati la chama, ili kijana yeyote aitwaye kusailiwa mahali ambapo bado wanaidai apate ya kuazima bila kulipa na bila kuona haya. Maana mpaka kanuni zibadilike, mwenye kuumia si mimi niliye na kazi. Ni yule aliyeketi juu ya ukuta akingoja.

Yule kijana sikumwona tena. Kama yuko mahali fulani akifanya kazi njema, namwombea heri. Na kama maneno haya yatamfikia, basi ajue kwamba alichagua vizuri, na aliyekosa alikuwa upande wa pili wa meza.

Ndiyo maana nimesimama mbele yenu na shingo tupu. Ninayo tai mfukoni, hii hapa. Leo naikabidhi kwa Bwana Katibu iwe ya kwanza katika kabati.