MASHUA YA MZEE WETU: FEDHA ZA MCHANGO ZIMEFANYA NINI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa Thika na Ruiru)

Bwana Mwenyekiti, ndugu zangu wafanya kazi. Mlinituma Lamu na fedha zenu, na leo nimesimama kueleza fedha hizo zimekwenda wapi. Nimesikia ya kwamba wako wenzetu wanaosema nilikwenda kupunga upepo. Upepo niliupata, sikatai. Lakini itazameni mikono hii. Sugu hizi si za mtaimbo wa hapa stesheni.

Mnamkumbuka mzee wetu, tuliyefanya naye kazi katika genge la njia mpaka alipostaafu akarudi kwao Matondoni. Kiinua mgongo chake kilichelewa sana. Nyumbani alikuwa na mashua ndogo ya tanga aliyoachiwa na baba yake, urefu wake futi 20, nayo imelala mchangani misimu mitatu. Alituandikia ya kwamba mashua ile ikirudi majini atakula kwa jasho lake wala hatamwomba mtu. Ndipo tukachanga. Siku ile wengine walisema afadhali tumnunulie boti ya mashini, na mti mzee ni kuni. Mimi nilikuwa mmoja wa hao, na ni haki niseme hivyo mbele yenu.

Nilishuka kwa treni mpaka Mombasa, nikapanda basi, Malindi, Garsen, Witu, hata Mokowe, kisha nikavuka. Matondoni iko upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, na watu wake wanajulikana kwa kuunda na kutengeneza vyombo tangu zamani.

Siku ya kwanza fundi hakushika msumeno. Alichukua nyundo ndogo, akaanza kugonga chombo tangu omo hata tezi, ubao kwa ubao, huku ametega sikio. Nilicheka, maana nilimkumbuka mwenzetu agongaye magurudumu ya mabehewa. Kumbe kazi ni moja. Ubao mzima hutoa mlio mkavu. Ubao ulioliwa ndani na mdudu wa bahari hutoa mlio wa bubu, hata kama kwa nje unang'aa.

Tena nilijifunza neno. Sisi tunatandika mataruma chini ya reli kila siku, na sikujua ya kwamba chombo nacho kina mataruma. Ni zile mbavu za ndani. Chini kabisa kuna mkuku, juu yake yanakaa mataruma, na mbao zinapigiliwa kwenye mataruma. Taruma likioza, msumari haushiki, na ubao unaachia. Nanyi mnajua reli hufanya nini taruma likilegea. Katika mashua ya mzee mataruma 7 yalikuwa mabovu, na mbao 4 za chini. Mkuku ulikuwa mzima. Fundi akasema, "Mkuku ukiwa mzima chombo ki hai," na hapo shauri la kuni likaisha.

Taruma halipindwi kwa nguvu. Hutafutwa tawi lililopinda lenyewe vile mashua inavyotaka, ili nyuzi za mti zifuate mpindo, kisha huchongwa kwa tezo. Tulizunguka siku 2 kutafuta matawi 7.

Sasa nije kwenye kosa langu. Nilipotumwa misumari, nilinunua misumari mieusi ya kujengea nyumba, kwa kuwa bei yake ilikuwa nusu, nami nilitaka kuwaletea salio. Fundi aliitazama, akanirudishia bila neno. Maji ya chumvi huila misumari hiyo upesi, na kutu yake huuharibu mti. Hutakiwa misumari iliyopakwa zinki. Duka halikukubali kuirudisha. Hasara hiyo nimeilipa mwenyewe, na mtunza hazina ni shahidi. Hata ile mizuri haipigwi ovyo: kwanza tundu hutobolewa kwa keekee ili ubao usipasuke, na msumari huzungushiwa pamba yenye mafuta chini ya kichwa, maji yasipate mlango.

Halafu ikaja kazi ya kukalafati, na hiyo ndiyo iliyoniletea sugu. Pamba husokotwa na mafuta, kisha hushindiliwa katika kila mwanya kwa patasi butu na nyundo. Siku 9, ndugu zangu, nimepiga magoti. Baadaye mbao za nje zilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, ambayo harufu yake ilinifuata mpaka nyumbani Ruiru, na mke wangu ni shahidi wa pili. Chini ya maji hupakwa deheni, chokaa iliyochanganywa na shahamu.

Nilimwuliza mzee habari ya mashini. Akaniuliza petroli ya kila asubuhi nitamlipia mimi? Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, kisha huja kusi, wala haidai mtu. Msidhani watu wale wanachukia mambo mapya. Mwaka 2018 Lamu ilishushwa majini Flipflopi, chombo kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa, nacho kikasafiri kwa tanga hata Unguja mwaka 2019. Na sisi wa reli tusisahau MV Uhuru ya Kisumu, meli ya kuvusha mabehewa ya miaka ya 1960. Ilikaa miaka mingi bila kazi, ikatengenezwa, ikarudi ziwani 2019.

Tuliishua siku ya bamvua, maji yalipojaa kabisa. Watu 20 walisukuma, na hakuna aliyedai malipo ila chai na mahamri. Usiku ule ilijaa maji hata magotini, nami sikulala, nikiona fedha zenu zinazama. Mzee alilala. Asubuhi akasema mbao kavu lazima zinywe kwanza. Siku ya tatu zilikuwa zimevimba na kubana, na maji ya kukumba hayakujaza ndoo moja. Siku ya sita alirudi na changu na tafi za kutosha kuuza.

Risiti zote ziko kwa mtunza hazina. Kila mwanachama ana ruhusa kuzitazama. Foromali na kamba vimelipwa. Tanga bado: lile analotumia ameazima kwa jirani, na mwenyewe atalitaka kabla ya kusi kuanza. Kitambaa kipya na ushonaji ni shilingi 14,000, nasi tuna 8,500. Naomba Bwana Mwenyekiti aruhusu daftari lipite sasa, kabla wenzetu wa Ruiru hawajaondoka na treni ya jioni.